Malkia wa Sisimizi: Tarikhi ya Kumjua na Kumfuga

Sisimizi ni katika viumbe ambavyo mwanadamu alivisifu mapema akavifahamu kwa kuchelewa. Kitabu cha Mithali kinamwelekeza mvivu akajifunze kwake, na katika Kurani imo sura nzima, ya 27, iliyopewa jina la wadudu hao, ambamo mmoja wao anawahadharisha wenziwe waingie makaoni mwao wasije wakakanyagwa na majeshi ya Nabii Suleiman, naye Nabii, aliyejaaliwa kuyafahamu maneno yao, akatabasamu. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki katika karne ya 9, aliandika katika Kitab al-Hayawan kwamba sisimizi huipasua nafaka aliyoiweka akiba ili isije ikamea. Sifa hizo zote, ambazo aghalabu ni za bidii na busara, hazikulijibu swali ambalo mtoto yeyote angeweza kuliuliza: jamaa hii kubwa iliyomo chini ya ardhi ilianzaje, na ni nani aliyeizaa?

Jawabu lilipatikana taratibu, kwa muda wa karibu karne mbili, mikononi mwa watu wachache waliokuwa na saburi isiyokuwa ya kawaida. Na rai yangu ni kwamba jawabu hilo hilo, yaani kwamba jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuwa chanzo cha maelfu, ndilo lililomtia malkia wa sisimizi katika hesabu ya bidhaa. Maadamu watu hawakujua kazi yake, hapakuwa na mtu wa kumtolea hata senti. Walipojua, alipata bei, na mwenye bei hakosi mnunuzi wala hakosi mwizi.

Watu wa kale wa Ulaya walidhani kwamba mkubwa wa nyuki ni mfalme, wakamsifu kwa sifa za kiume, mpaka Jan Swammerdam wa Uholanzi, katika karne ya 17, alipompasua huyo mfalme chini ya hadubini akamkuta tumboni ana mayai. Kwa upande wa sisimizi, aliyelipambanua jambo ni kasisi mmoja wa Uingereza, William Gould, aliyetoa kitabu kidogo mwaka 1747 juu ya sisimizi wa nchi yake, akaeleza kuwa wale wenye mbawa wanaotoka viotoni wakati wa joto ni madume na majike, na kwamba majike hao ndio wanaoonekana baadaye wakiwa hawana mbawa, wakubwa kuliko wenzao, wamezungukwa na watumishi. Mfaransa Réaumur alikuwa amekwisha kuyaona mengi ya namna hiyo katika miaka hiyo hiyo, walakini maandishi yake yalilala bila ya kupigwa chapa hata mwaka 1926, alipoyatoa Mmarekani William Morton Wheeler. Hivyo Gould akapata heshima ambayo huenda angeigawana.

Gould alisema na jambo la pili, ambalo lilileta ubishi mrefu, nalo ni kwamba sisimizi wa Uingereza hawaweki akiba ya nafaka. Alisema kweli, kwa kuwa sisimizi wa nchi za baridi hulala kipindi chote cha baridi wala hawahitaji ghala. Ila wanazuoni waliomfuata walilikuza neno lake, hata ikawa ni desturi yao kudhani kwamba Suleiman na Waarabu waliwaona sisimizi wakibeba mabuu yao meupe wakadhani ni punje za ngano. Ubishi ulikatwa na kijana mgonjwa, John Traherne Moggridge, aliyekuwa akikaa Menton, kusini ya Ufaransa, kwa ajili ya afya yake. Huko alichimba ardhi akayafikia maghala yenyewe, vyumba vilivyosakafiwa vizuri na kujazwa mbegu, akaandika habari hizo mwaka 1873, na mwaka uliofuata akafariki, hajatimiza miaka 33. Sisimizi aliowachimba Moggridge ni wa jenasi iitwayo Messor, wavunaji wa mbegu, nao wanao ndugu zao katika nchi zetu za Afrika Mashariki ambao tutawataja kabla ya kumaliza.

Baada ya Gould alikuja Pierre Huber wa Geneva, mtoto wa François Huber, yule kipofu aliyewachungua nyuki kwa macho ya mtumishi wake. Pierre alirithi nidhamu ya nyumba ile, na katika kitabu chake cha mwaka 1810 anatuonyesha mambo ambayo kabla yake yalikuwa ya kudhaniwa tu. Alimkamata jike aliyetoka angani baada ya kukutana na dume, akamweka penye udongo mnyevu ndani ya kioo, akakaa akamtazama. Jike yule alizitandaza mbawa zake, akazikunja na kuzileta mbele ya kichwa, akazipindua huku na huku, akazikandamiza kwa miguu yake mpaka zote nne zikaanguka, kisha akaanza kuchimba kana kwamba hakuwahi kuruka maishani mwake. Wala hakulazimishwa na mtu: yeye mwenyewe aliivua mali ambayo hataihitaji tena. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Charles Janet, Mfaransa aliyekuwa mhandisi na aliyetengeneza viota vya jasi vyenye chumba cha maji pembeni, alionyesha kwamba hata ile misuli ya kurukia haipotei bure, kwa kuwa baada ya mbawa kuanguka huyeyuka ndani ya kifua cha malkia ikawa chakula cha kuwalishia watoto wa kwanza.

Mtu anayestahili kuelezwa kwa kirefu kidogo ni John Lubbock, Mwingereza. Alikuwa tajiri wa benki na mjumbe wa Bunge, na ndiye aliyeipitisha mwaka 1871 sheria iliyowapa Waingereza sikukuu za mabenki. Jirani yake alikuwa Charles Darwin, aliyemfundisha tangu utotoni kutazama vitu vidogo. Kiota alichokibuni kilikuwa vioo viwili vilivyotengana kwa nafasi ndogo, katikati udongo mchache tu, ili pasiwe na pa kujificha, akakifunika kioo kwa kitu cha giza ili wenyewe wasifadhaike. Na aliwatia alama za rangi mgongoni mmoja mmoja ili ajue yupi ni yupi. Mwezi Desemba 1874 alipata malkia wawili wa sisimizi weusi, Formica fusca. Wakati ule akthari ya watu walidhani kwamba umri wa mdudu ni mwaka au pungufu, na Lubbock mwenyewe hakutaraji makubwa. Miaka ikapita, kitabu chake juu ya sisimizi, nyuki na nyigu kikatoka mwaka 1882, malkia wangali hai. Mmoja akafa mwaka 1887, na wa pili akafa Agosti 1888, akiwa amekaa kiooni karibu miaka 14, mbali na umri aliokuwa nao siku ya kukamatwa. Katika muda huo serikali za Uingereza zilibadilika mara kadhaa, na Lubbock alizishuhudia zote kutoka kwenye kiti chake cha Bunge, huku nyumbani mtawala wake mdogo akiendelea.

Rekodi hiyo ilivunjwa baadaye na malkia wa Lasius niger, sisimizi mweusi wa bustani za Ulaya, aliyefugwa na Hermann Appel akaishi zaidi ya miaka 28. Madume yaliyompanda yalikufa siku ile ile au ya pili yake, ila mbegu zao zilibaki hai katika kifuko kidogo tumboni mwake, naye akawa akizitoa kwa kadiri muda wote huo, maana malkia hapandwi tena baada ya siku ya kuruka. Hapo ndipo penye siri ya thamani yake: anayemchukua malkia aliyepandwa amechukua na baba wa watoto ambao hawajazaliwa.

Sasa tumtazame jinsi anavyotambulikana, kwa sababu katika nchi yetu watu wanayo ada ya kuwangojea wadudu wenye mbawa baada ya mvua, lakini wanaowangojea ni kumbikumbi, nao si sisimizi hata kidogo, bali ni watoto wa mchwa. Kumbikumbi ana mbawa nne zilizo sawa kwa urefu, zinazomzidi mwili na kuanguka kwa kuguswa tu. Vipapasio vyake vimenyooka, na kiuno chake hakionekani. Sisimizi mwenye mbawa, naye huruka jioni zile zile, ana mbawa za mbele zilizo ndefu kuliko za nyuma, vipapasio vilivyopinda mfano wa kiwiko, na kiuno kilichobanwa. Katika kiuno hicho mna alama kubwa ya nasaba: baadhi ya koo zina kinundu kimoja, kama wale sisimizi wakubwa wa Camponotus, na baadhi zina viwili, kama wavunaji wa Messor. Jike hutofautishwa na dume kwa kichwa kikubwa, kifua kipana kilichogawika na tumbo zito, ilhali dume ana kichwa kidogo na macho makubwa, kama mtu aliyeumbwa kwa shughuli ya siku moja. Na jike aliyekwisha kuvua mbawa ana makovu manne kifuani, ambayo mtendakazi wa kiota, hata awe mkubwa vipi, hawezi kuwa nayo. Wengi hukomea hapo wakadhani wamepata. Walakini kukosa mbawa si yakini ya kupandwa, maana jike aliyekosa dume naye mara nyingine huzivua, akataga mayai ambayo hayatatoa ila madume.

Siafu wana habari yao peke yao, na imewapotosha wakubwa. Katika usiku wa mvua huja penye taa mdudu wa rangi ya kahawia, mwenye mbawa na tumbo refu mfano wa soseji, akajigonga ukutani na kuanguka mezani. Linnaeus wa Uswidi alipopelekewa mmoja wa jamaa hiyo alimwandika mwaka 1764 kuwa ni nyigu, wala hapana wa kumlaumu, kwa kuwa mdudu yule hafanani kabisa na jeshi jeusi linalopita njiani na kuwafukuza watu nyumbani mwao. Ni katika miaka ya 1840 ndipo mmishenari wa Kimarekani huko Liberia, Thomas Savage, alipowakuta wadudu hao wenye mbawa wakitembea pamoja na siafu, ikabainika kwamba ni madume yao. Malkia wa siafu hana mbawa tangu kuzaliwa hata kufa, ni kipofu, na kwa ukubwa hana mfano katika sisimizi wote walio hai leo. Hataga kwa makumi bali kwa mamilioni. Lakini hawezi kuanza kiota peke yake: jeshi hugawika, nusu ikaenda na mama na nusu ikaenda na binti. Anayemwokota malkia wa siafu akamtia katika chupa, basi amemwokota maiti.

Ama wale wanaojitegemea, na Messor ni miongoni mwao, utunzaji wao ni mwepesi wa kuelezwa na mgumu wa kutendwa. Wafugaji wa leo huchukua mrija wa kioo, wakatia maji kiasi cha theluthi, wakayazuia kwa pamba iliyoshindiliwa, wakamweka malkia katika nafasi kavu iliyobaki, na mdomo wa mrija wakauziba kwa pamba nyingine ambayo hewa inapita. Kisha huuweka mahali penye giza na joto la wastani wakauacha. Hapewi chakula, maana chakula chake ni ile misuli ya mbawa na mafuta ya mwilini, na chakula kikiwekwa huota ukungu kikamwua. Zipo koo nyingine ambazo malkia wake hutoka kiotoni kuwinda hata kabla ya kupata watoto, na hao wakinyimwa hufa kwa njaa. Ndiyo maana kuijua nasaba kunatangulia kumtunza, na mfugaji asiyeweza kuvihesabu vinundu vya kiuno anacheza kamari. Baada ya wiki kadhaa watokea watendakazi wa kwanza, wadogo kuliko desturi ya kabila lao, kwa kuwa wamelelewa kwa akiba finyu. Hao ndio wanaofungua mlango, na kwa wavunaji ndio wanaopewa mbegu, wakazitafuna zikawa unga uliolowana wa kulisha mabuu. Jambo linaloangamiza viota vingi zaidi kuliko ukungu ni hamu ya mwenyewe kutazama. Malkia anayetikiswa na kumulikwa kila siku huyala mayai yake, na mtu akastaajabu.

Pwani yetu nayo ina kisa chake, na ndicho kinachonipendeza kuliko vyote. Kitabu cha Kichina kinachonasibishwa kwa Ji Han, cha mwaka 304, kinataja kuwa watu wa kusini waliuza sokoni viota vya sisimizi pamoja na matawi yake, ili wenye michungwa wavitundike mitini wakaondokana na wadudu waharibifu. Sisimizi hao ni ndugu wa majimoto tunaowajua, wale wekundu wanaoshona majani kwa uzi wa mabuu yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Michael Way alikaa Unguja akiwasoma majimoto kwa sababu minazi ilikuwa ikipukutisha vidaka, na mdudu aliyekuwa akivitoboa akapewa jina la huyo huyo Way, Pseudotheraptus wayi. Palipokuwa na majimoto wengi mnazi ulisalimika. Palipokuwa na sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, majimoto walifukuzwa na mdudu akarudi. Basi mtu angedhani kazi ni kukata kiota kimoja na kukihamishia shamba jingine. Taabu ni kwamba kundi moja la majimoto lina viota vingi katika miti mingi na mama mmoja tu, aliyejificha katika kimojawapo, aghalabu juu kabisa; ukihamisha vingine vyote ukamwacha yeye, umehamisha watumishi wasio na nyumba, nao watakwisha kwa umri. Mkulima amtafutaye malkia mnazini, huku anaumwa shingoni na kwapani, ana haki zaidi ya kumchukua kuliko wengi nitakaowataja.

Mwaka 1956 Milton Levine, huko California, alianza kuuza kwa watoto wa Marekani sanduku la plastiki linaloonyesha ndani pande mbili, lenye mchanga ndani, pamoja na hati ya kuletewa sisimizi kwa posta. Masanduku hayo yaliuzwa kwa mamilioni, lakini hayakuwa na malkia, kwa sababu serikali ya nchi ile hairuhusu malkia kupelekwa ovyo kutoka jimbo hadi jimbo, isije ikawa wageni wamejenga makao mahali wasipotakiwa. Kwa hiyo mtoto aliwatazama watendakazi wakichimba kwa miezi michache kisha wakafa wote. Wale watoto walipokuwa watu wazima, na wengine wa Ulaya na Asia baada yao, wakataka kitu kisichokufa, na mtandao ukawakutanisha na wauzaji; bei ikapanda kwa kadiri ya ukubwa, rangi na ugeni wa malkia.

Hivyo ndivyo macho yalivyoelekea Kenya. Messor cephalotes, aliyeandikwa na Carlo Emery wa Italia mwaka 1895, ni mvunaji mkubwa wa rangi nyekundu na kahawia, na malkia wake anazidi sentimita mbili. Katika masoko ya ng'ambo ametajwa kuuzwa hata dola 220 mmoja. Mwezi Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni huko Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya mirija 2,244, kila mmoja na pamba yake, utaratibu ambao ungeweza kuwaweka hai kwa muda wa miezi miwili njiani. Na Nairobi wakakamatwa wengine wawili, Mvietinamu na Mkenya, wakiwa na mamia. Tarehe 7 Mei mahakama iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12. Watu waliozoea kusikia kesi za pembe za ndovu na faru walicheka kwanza, kisha wakauliza bei.

Kicheko hicho hakikuwa na msingi. Mvunaji hazili mbegu zote anazozikusanya, na nyingine humea mahali alipoziacha. Akiondolewa, nyasi za malisho hupoteza mpanzi. Na kwa upande wa pili, malkia wa ugenini akitoroka huenda asirudishwe tena: yule Pheidole mwenye kichwa kikubwa, adui wa majimoto wa Unguja, ameingia Laikipia akawaua sisimizi waliokuwa wakiilinda migunga dhidi ya tembo, tembo wakaivunja, na utafiti uliotolewa mwaka 2024 ukaonyesha kwamba simba, waliokosa vichaka vya kunyemelea, wamepungukiwa na pundamilia wakageukia nyati.

Wapo wanaotetea biashara hii kwa kusema kwamba mfugaji huongeza na wala hapunguzi. Kwa kuku na njiwa hoja hiyo ni sahihi. Sisimizi wa akthari ya koo hupandana angani, katika kundi la maelfu kutoka viota vingi, kwa saa chache zinazochaguliwa na mvua, joto na utulivu wa upepo, na ni mara chache mno mtu amefaulu kuyakusanya hayo yote ndani ya chumba. Lubbock na vioo vyake, Janet na jasi yake, na mwenye mrija wa leo, wote waliweza kumlea malkia mpaka uzee. Kizazi cha pili cha malkia waliopandwa hawakukipata. Kiota kinachotunzwa katika kabati la Antwerp au Guangzhou hutoa majike wenye mbawa mwaka hadi mwaka, wakagonga kioo, wakafa wanawali, na mwenye kabati akitaka kiota cha pili hana budi kutuma tena watu wakangojee mvua Gilgil, huko Kenya.